Ngazi Mia Nne

Chumba cha Ufunguo, Bwawani
4 Machi

Kadogo mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mtu ambaye akipiga chafya, mji mzima unakosa maji ya kuogea. Sitii chumvi. Meneja mwenyewe, mtu wa shahada mbili na gari la ofisi, kila Jumatatu asubuhi husimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Mzee wa Ufunguo, ukuta umeamkaje?" Na mpaka nimjibu hathubutu kwenda kuketi.

Huku sote wazima. Kwa mama yako nilipita Jumapili. Goti lake ni lile lile, na bado ananiita mwongo mbele ya majirani, kwa hiyo akili zake ziko sawasawa. Nyumba yake, namba kumi na saba, imepakwa rangi upya. Ile ya mwisho kabisa mtaa wa bondeni, unaikumbuka, ambako ukifungua dirisha la jikoni huoni mbingu, unaona ukuta wa bwawa. Nimemwambia hakuna mwanamke mjini mwenye mlinzi kama wake. Simu usinipigie. Ilitumbukia bwawani nikikagua maji, na nasikia samaki bado wanapokea.

Sasa ombi lako. Umesema mradi wako wa mwisho wa uinjinia unahusu maji yanayopenya kwenye kuta za mabwawa, na unataka vipimo vya hapa. Umegonga mlango wenyewe. Nimekunakilia daftari la miaka mitano, kila Jumatatu, kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la sita, mpaka kidole kikaota sugu.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa vitabu, nikueleze kwa lugha nyepesi. Chini kabisa ya ukuta kuna handaki la zege. Maji yanayopenya hukusanyika humo kwenye mfereji mwembamba, yanapita kwenye kibao cha chuma chenye mkato, na hapo pana rula. Unasoma yamefika milimita ngapi, unaandika. Yakizidi sitini na tano, unapiga king'ora. Tangu nishike ufunguo hayajawahi kuzidi, yananiheshimu. Ngazi za kushukia ni mia nne. Mia nne, Kadogo, na mimi huzishuka kama mtu anayekwenda kuchukua gazeti.

Umenichekesha uliposema darasani mko hamsini na wanne na wasichana ni thelathini na tatu. Wavulana wamekwenda wapi, wamemezwa? Lakini hata hapa mambo yamegeuka. Wale mainjinia wanne wa zamani walistaafu, wanaume wenye matumbo na kofia, ukiwaona tu unajua daraja halianguki. Waliokuja badala yao ni wasichana watatu na kijana mmoja, naye alihama kabla ya mwezi kwisha. Mkubwa wao tunamwita Miwani. Siku ya pili tu akataka ufunguo wa handaki. Nikamwambia, binti yangu, handaki hili tangu enzi za waliolichimba halishukwi na mwanamke. Mwanamke akiingia, ukuta unatoka jasho. Ni mwiko wa kazi. Mafundi wote wakaniunga mkono, na meneja hapendi kelele. Basi, mwaka wa nne huu anapokea namba zangu, anaziingiza kwenye mashine yake, zinatoka mistari iliyonyooka kama imepigwa pasi.

Wewe ni damu yangu, ni tofauti. Ila hata wewe sikushushi.

Mjomba wako,
Mzee wa Ufunguo


Bweni la Wasichana, Chumba cha 8
29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ililala wiki mbili mezani kwa mlinzi wa bweni, chini ya mwavuli wa mtu. Nashukuru sana kwa kazi ya kunakili. Nimeikuta na alama ya kikombe ukurasa wa tatu, nikajua ni yako kweli.

Mimi mzima, ila macho yamechoka. Maabara ya udongo inafungwa saa kumi na mbili na sisi tunatoka saa kumi na mbili na nusu. Mwalimu wetu wa udongo anatusubiri na funguo mkononi. Alipokuwa mwanafunzi hapa alikuwa mwanamke peke yake kati ya themanini, na choo cha wanawake kilikuwa jengo la maktaba. Alikuwa anakwenda mbio katikati ya vipindi. Mwaka huu wamebadilisha vibao, choo kikubwa kimekuwa chetu. Wavulana wanne walisimama wakikitazama kile kibao kipya kama wanaosoma tangazo la msiba. Mezani kwetu tuko watano. Mmoja ana watoto wawili, mwingine alifunga nyaya za umeme miaka kumi kabla ya kuja kusomea, na hakuna hata mmoja ambaye baba yake alimaliza shule. Mwalimu anatuambia tusijidanganye. Mlango wa chuo umefunguka, anasema, lakini mnakokwenda kufanya kazi kuna milango mingine, na kila mmoja una mtu wake.

Nimechora vipimo vyako kwenye karatasi ya miraba. Mwaka wa kwanza, alipokuwapo yule mzee wa kabla yako, namba zina nusu: 31.5, 33, 32.5. Mvua ikinyesha zinapanda kidogo, ikikatika zinashuka. Baada ya hapo hakuna nusu tena, na mvua hazionekani kabisa. Sijajua niseme nini juu ya hilo.

Nina maswali mawili madogo, usinicheke. Siku hizi unavaa kiatu namba ngapi? Na bibi alifariki akiwa na miaka mingapi?

Mama amesema kwenye simu kwamba sakafu ya jikoni imeanza kuwa na unyevu. Nikamuuliza kama mmepata mvua. Akasema miezi mitatu hakuna.

Wako,
Kadogo


Chumba cha Ufunguo
20 Aprili

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na wageni kutoka makao makuu, wazito, mmoja alikuja na mtu wa kumbebea mkoba. Walipita mlangoni kwangu, yule mzito akasimama, akautazama ufunguo shingoni mwangu, akasema, "Kumbe ndiye huyu." Mafundi wameniheshimu wiki nzima.

Kiatu ni arobaini na tatu, na kama unataka kuninunulia siku ya mahafali, napenda cheusi cha kamba. Bibi yako, mama yangu, alituacha akiwa na sitini na moja, wewe ulikuwa bado unatambaa. Sijui uinjinia gani huo unaotaka umri wa marehemu, lakini mimi siulizi, nyie wa siku hizi mna njia zenu.

Hizo nusu ni mambo ya yule mzee, macho yake yalikuwa yamemchoka. Mimi nikitazama rula namba inakuja nzima.

Mama yako mwambie asinung'unike juu ya sakafu, simenti yake ilikorogwa na fundi wa bei rahisi. Huku kwetu pamependeza ajabu. Upande wa chini wa ukuta, kiangazi chote hiki ambacho nyasi za kila mahali zimekauka zikawa kama ufagio, kuna sehemu pana kama uwanja wa mpira imeota majani mabichi mororo. Ukitembea juu yake kiatu kinadidimia kama kwenye godoro. Vyura wamehamia, wanaimba mchana kweupe. Meneja alipiga picha akaiweka kwenye kalenda ya ofisi. Nimemwambia ardhi inajua ni nani anaitunza.

Miwani amekuja tena. Safari hii na karatasi. Akasema, "Mzee wangu, sitaki kuvunja heshima yako. Simama wewe mlangoni, mimi nishuke dakika kumi." Nikamwambia, "Binti, ukuta huu una wivu." Akaniuliza, "Wivu na nani?" Mafundi wakacheka, yeye hakucheka. Aliyatazama yale majani mabichi kwa muda mrefu sana, mtu mzima na kofia yake ya kazi mkononi, kisha akaondoka bila kuaga. Unaona sasa shida ya wasomi hawa wapya. Hawana maneno mazuri ya kuagana.

Mawingu yameanza kujikusanya. Mwaka huu bwawa litajaa mpaka ukingoni.

Mjomba wako


Bweni, Chumba cha 8
11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo. Barua hii nimeiandika mara tatu na mbili nimezichana.

Kumi na saba ni nyumba ya mama. Arobaini na tatu ni kiatu chako. Sitini na moja ni bibi. Hamsini na nane ni mwaka uliozaliwa wewe. Ishirini na sita ni tarehe niliyozaliwa mimi, na kwenye daftari lako imetokea kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi kwa miaka minne mfululizo. Mtu mwingine yeyote duniani angezitazama asione kitu. Miwani asingeweza kuona. Mashine yake isingeweza kuona. Mimi nilianza kuziona nikiwa nimeshika penseli, nikadhani nimechoka.

Nilicheka kwanza, nikuambie ukweli. Nikasema mjomba wangu ananipenda mpaka ameniandika kwenye bwawa. Halafu nikasoma habari za majani na vyura.

Maji ya bwawa hayaijui tarehe yangu ya kuzaliwa. Yanapita yanakopita. Majani yakiwa mabichi kiangazi chini ya ukuta wa udongo, na ardhi ikididimia, maana yake maji yametoboa njia na yanatokea huko. Kama yanatoka meupe, kuna muda. Kama yanatoka na tope, tope hilo ni ukuta wenyewe unaondoka kidogo kidogo kwa ndani, na kwa nje hutaona kitu mpaka siku ya mwisho. Huko handakini ndiko pekee mtu anakoweza kujua ni yapi kati ya hayo mawili. Chukua chupa ya kioo, ijaze, itazame kwenye mwanga. Ni hivyo tu.

Mpe Miwani ufunguo. Sikuulizi kwa nini, na sitakuuliza. Sijamwambia mtu. Mwalimu aliniuliza kwa nini nimeacha kuchora, nikamwambia kichwa kinauma.

Wewe ndiye uliyenibeba mabegani siku ya kwanza ya shule, ukawaambia walimu kwamba umeleta profesa. Nakuomba kwa siku hiyo.

Kadogo


Bweni, Chumba cha 8
9 Juni

Mjomba,

Hujajibu. Mama anasema unapita kwake kama kawaida, unakaa, unasimulia, unaondoka. Anasema umepungua.

Nilimsihi ahamie kwa binamu yake kule mlimani mpaka mvua zikatike. Alikataa. Alisema, "Nihame kwenda wapi, wakati kaka yangu ndiye analinda ukuta?" Nilikata simu.

Leo asubuhi nilipiga simu ofisi ya bwawa. Mapokezi wakaniambia mambo ya vipimo yanapokelewa kwa barua yenye muhuri wa chuo. Mwalimu wa udongo ameigonga muhuri bila kuniuliza maswali, ila alinitazama. Inakwenda kwa Miwani, na nimeitia sanduku la posta pamoja na hii. Ndani nimesema tu kwamba namba za miaka minne haziaminiki na handaki likaguliwe mara moja. Zimetoka wapi, sikusema. Barua hizi mbili zikifika siku moja, nataka ufunguo uutoe wewe kwa mkono wako kabla hawajaja kuuchukua.

Nilichelewa mwezi mzima kwa ajili yako. Hilo nitaishi nalo mwenyewe.

Kadogo


Shule ya Msingi ya Mlimani, darasa la tatu
24 Juni

Kadogo mwanangu,

Anayekuandikia amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika masikioni, na karatasi hii ni ya vipimo, ameigeuza upande wa nyuma. Usione aibu kuisoma mbele za watu. Nataka isomwe.

Mama yako mzima. Yuko dawati la tatu kutoka hapa, na goti lake, na masufuria yake yote, hata lile lililotoboka. Mtaa mzima wa bondeni uko humu shuleni. Watu wanazungumza chinichini kama wako kwa mgonjwa. Mvua inapiga bati tangu jana.

Barua zako zilifika Jumanne kwenye kikapu kimoja. Kikapu cha barua hupita kwangu kwanza, kama unavyojua mimi ni mtu muhimu. Niliuona muhuri wa chuo kwenye ile ya Miwani. Niliishika, nikaitia mfukoni, nikaitoa. Nikasoma yangu, nikafika pale mama yako aliposema kaka yangu ndiye analinda ukuta. Hapo nikasimama.

Nilimkuta Miwani anakula karanga juu ya ramani. Nikamwambia, "Binti yangu, una tochi?"

"Ninazo mbili."

"Moja inatosha."

Akanitazama. "Na mwiko je?"

"Umestaafu," nikasema.

Hakucheka, lakini alifunga karanga zake vizuri, akavaa koti. Mlangoni nilimpa ufunguo. Nilitaka kubaki pale nje kama mwenye mlango. Yeye akasema, "Twende wote, wewe ndiye unayepajua." Kadogo, sijawahi kusikia neno zito kama hilo.

Tulishuka. Alikuwa anahesabu ngazi kwa sauti, ndivyo wanavyofundishwa, nadhani. Maji tuliyasikia kabla hatujayaona, mlio kama wa watu wengi wanaonong'ona chumba cha pili. Kile kibao cha chuma hakikuonekana. Rula haikuonekana. Maji yalifika magotini na yalikuwa yanakwenda. Akajaza chupa ya kioo, akaweka tochi nyuma yake. Nilikuwa natazama chupa nikingoja mwanga utokee upande wangu. Haukutokea.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mjomba, tupande sasa," kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto. Sijui nani alimwambia aniite mjomba.

King'ora kililia saa tano asubuhi. Wamefungua milango yote ya kutolea maji. Bwawa linashuka kiganja kimoja kwa siku na mvua inarudisha nusu kiganja. Malori yanamwaga mawe pale kwenye majani mabichi, na mawe yanazama, wanamwaga mengine. Miwani na wenzake wawili wako juu ya ukuta na vijiti vyao na kamba, watoto wa umri wako, wamelowa, na wale mafundi waliomcheka pamoja nami ndio wanaowashikia kamba. Amesema tumpe siku nne ndipo ajue kama ukuta unabaki. Leo ni ya pili. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema, "Mngenishusha mwaka wangu wa kwanza, ningekujibu." Halafu akarudi kazini. Kweli hawana maneno mazuri ya kuagana.

Kesho ni mahafali yenu. Sitakuja, na viatu vyeusi usininunulie.

Meneja ameniuliza mara ya mwisho nilishuka lini. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi. Maandishi yenyewe ndiyo haya, Miwani anayatoa nakala kabla hayajaja kwako.

Mwiko haukuwapo. Nilikuwa nimeutunga siku ile ile Miwani alipoomba ufunguo, hapo hapo mlangoni, kabla hajamaliza sentensi. Mafundi walinishangilia kwa sababu waliupenda, na mimi nikaanza kuuamini. Ingekuwa ni mvulana ningetunga mwingine. Lakini wa kwake ulikuwa rahisi, hakuna aliyenidai ushahidi.

Yule mzee wa kabla yangu mgongo ulikuwa umemwisha wiki yake ya mwisho, akanifundisha kazi kwa kunichorea kwenye karatasi. Jumatatu yangu ya kwanza nilishuka peke yangu na taa ikazimika. Nilikaa pale pale. Mimi naogopa giza. Mama yako anajua, mpaka nina miaka kumi na minne alikuwa ananishika mkono kunipeleka chooni jioni, na hajawahi kumwambia mtu, hata juzi, hata akiwa ananiita mwongo. Ile ilikuwa ngazi ya kumi na mbili, mwanga wa mlangoni unaishia hapo. Nikaandika namba ya kwanza iliyonijia, ya nyumba ya dada yangu. Jumatatu iliyofuata nikakaa pale pale. Namba zote ulizochora niliziandika nikiwa ngazi ya kumi na mbili, nawakumbuka nyie mmoja mmoja.

Na Jumanne nilishuka nimeshika mkanda wa koti la Miwani, macho nimefumba, nikisikiliza anavyohesabu.

Ngazi si mia nne, Kadogo. Ni tisini na nne. Tatu za mwisho tulizihesabu kwa miguu, zilikuwa ndani ya maji. Ndiyo kwanza nilikuwa nafika.

Mjomba wako